Kiwanda Kisichokuwa na Shaba

Nyama ilipoadimika nyumbani, baba alitushibisha maelezo ya mbolea. Alikuwa fundi wa kiwanda kidogo cha mbolea upande wa Naviundu, hapa Lubumbashi. Asidi ilitoka kwenye viwanda vya shaba, amonia ililetwa kwa treni. Moja inachoma ngozi, nyingine inakata pumzi, lakini zikikutana ndani ya pipa hutulia na kuwa chumvi nyeupe yenye azoti, chakula cha mahindi. Yeye hakuchoka kusimulia. Mimi nilichoka kusikia.

Treni zilipoacha kuja kiwanda kilisimama, ila tangi lilibaki na amonia kidogo. Baba akaendelea kwenda kulilinda bila mshahara. Mama alisema ni ujinga, nami nilikuwa upande wa mama.

Kisha askari wakapora mji, na raia wakafuata. Mchana mmoja nilimpelekea baba bukari, ugali wetu, nikamkuta amesimama mbele ya bomba la tangi. Wanaume wenye misumeno, wasaka shaba ya kuuza, walikuwa wamemzunguka, na aliyewatangulia ni jirani yetu, aliyeachishwa kazi ya reli.

"Ndugu, humu hamuna mukuba," baba alimwambia. "Amonia inakula mukuba. Yote iko chuma tu."

"Yaya, usine ya Lubumbashi bila mukuba? Unatuficha," jirani alijibu, akimwita kaka yake kama siku zote.

Nani hapa kwetu angeamini kiwanda hakina shaba? Wakamsukuma, wakakata bomba. Gesi ikatoka, tukakimbia sote, baba pia. Jirani peke yake alianguka palepale. Baba akageuka, akachukua mpira wa maji, kwa kuwa amonia huyeyuka majini, akammwagia jirani na bomba mpaka gesi ikaisha tangini. Maji hayo, na azoti ya amonia ndani yake, yakatiririka mtaroni.

Jirani alipona. Macho ya baba yaliungua, na hospitali haikuwa na dawa hata ya kumtuliza maumivu.

Mvua ziliponyesha, jirani alilima kando ya mtaro ule. Sisi tulikuwa tunalala na njaa. Akaja na kikapu cha mahindi, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuketi. Mama alikipokea bila kumtazama.

Baba alipapasa hindi moja hadi nchani. "Majani yake iko namna gani?"

"Iko vert sana, yaya, kijani kabisa. Haiko ingine kama ile."

"Basi azoti ilifika," baba alisema, akatabasamu.

Nilimchukia jirani, nikamchukia na baba kwa tabasamu lile. Kisha nikala mpaka nikashiba.