Ua Nyekundu ya Kaburi ya Mama

Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primeri. Nyumba yangu ya matofali kule Bigo, mu muji wa Bunia, na depo yangu ya simenti, nilijenga kwa jasho yangu, hakuna mutu alinisaidia. Na ile ua nyekundu ya mulima wetu naijua kuliko ba agronomu, bale ba kilimo banaopita na telefone banapiga picha.

Batu ba muji banaichanganya. Kuko ingine nyekundu, kichwa yake mviringo kama ngumi ya mutoto, inatoka mu udongo bila majani. Si ile. Yetu inasimama mpaka kiunoni. Majani yake iko mirefu, imesimama kama panga. Maua inafuatana ku kijiti kimoja, yote inaangalia upande mumoja, na ndani ya koo iko njano. Ukichimba, utapata kitunguu kimevaa nyuzi kama gunia. Zamani ilikuwa inaota juu kabisa, katikati ya mawe, kwenye ngombe haifiki. Chini, ngombe ilikanyaga, jembe ikamaliza.

Ndiyo maana kwetu kaburi ilijulikana na ile ua. Mutu akikufa, mutoto wake mwanaume wa kwanza anapanda ku mawe, anachimba vitunguu, anakuja kuvipanda kwenye kichwa ya marehemu na kuzungusha miiba. Ukiona nyekundu huku chini, unajua: hapa kumelala mutu.

Mama alipokufa, dada yangu mukubwa alinishika mukono.

"Mudogo wangu, tuweke simenti. Na jina."

"Ya nini? Ua haipotei."

"Weye unauzisha simenti mu Bunia yote, na mama yako unamupandia kitunguu?"

Batu ba kilio balicheka. Mimi nilikasirika. Nilimwambia mulima wetu si muji, na mimi si mutu wa kufundishwa na mwanamuke namna ya kuzika mama. Akaachia mukono wangu. Nikapanda vitunguu yangu.

Kisha vita. Tulikimbia na nguo tulizovaa. Ngombe yote ilienda. Miaka ikapita siye bote tuko Bunia, mulima tunausikia tu mu vinywa ya batu.

Mwaka uliopita dada alianza kuvimba miguu. Daktari hakuficha kitu.

"Usinilaze hapa na batu nisiobajua," dada aliniambia. "Nilaze pembeni ya mama. Niapie."

Niliapa.

Mvua ilipoanza, wakati ile ua inafunguka, nilisikia njia imefunguka kidogo, ba silaha banaacha batu bapite muchana. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodisha, niende kwanza kuona mahali. Motari, mwenye kuiendesha, alikuwa mutu mukubwa, wa ndevu. Ku kona ya mwisho akasimamisha.

"Papa, mulima yenu iko muzuri! Angalia!"

Ilikuwa nyekundu. Yote. Kutoka ku mawe mpaka mutoni. Kwenye nyumba yetu ilisimama, nyekundu. Kwenye shamba ya mihogo, nyekundu. Ngombe ya kuikanyaga haikuwa, jembe ya kuing'oa haikuwa, basi ilishuka yenyewe, mwaka kwa mwaka, ikakula mulima.

Nilitafuta miiba, ilioza zamani. Nilichimba hapa, kitunguu. Nilichimba kule, kitunguu. Nilipima kwa hatua kutoka ku mulango, kisha nikaona hata mulango sijui ulikuwa wapi.

"Papa, unatafuta nini?"

"Mama yangu."

Akavua kofia. Alinisaidia mpaka alichoka. "Turudi," akasema. "Jua likishuka, bale ba silaha banatoka."

Dada alikuwa amekaa ku kitanda, amevaa kitambaa yake ya kanisa, ananingojea.

"Ua iko?"

"Iko."

"Na mama?"

Nikaangalia miguu yake. "Dada, ua iko kila mahali."

Alifahamu mbele sijamaliza kusema. Akageukia ukuta. Neno ya simenti hakuitaja, hata siku moja. Ningependa aitaje. Ningependa anitukane.

Alikufa mvua haijakwisha. Tulimuzika hapa Bunia, kati ya batu asiobajua. Simenti nilitoa ku depo yangu mwenyewe, jina ikaandikwa kwa herufi kubwa. Fundi aligonga na muhini ya nyundo, akacheka kidogo.

"Muzee, inatosha. Hii haitatoka hata dunia ikipinduka."

Nikamwambia aongeze mufuko mwingine.