Rili ya Mjukuu Ilipotangulia

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuonyesha filamu, kwenye ukumbi wa klabu pale Sur, Omani, Mkuu wa Ukumbi alinikabidhi kitambaa laini. "Mwezi mzima utapangusa lenzi," akaniambia. "Asiyeona vumbi hataona kosa."

Nyinyi vijana mnabonyeza tu, picha inaanza. Zama zetu filamu ilikuja kwa rili tatu, yaani mkanda mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati. Mwanzo wa kila mkanda pana namba, na mwonyeshaji huisoma kabla ya kuufunga kwenye projekta. Si kazi ngumu, inataka utulivu tu.

Kutoka Sur nilihamishiwa Ibra, kisha Nizwa, chini ya Mkaguzi, mzaliwa wa Unguja kama mimi, mkali wallahi. Nilikwisha kumkatia mkanda mara moja. "Kosa la pili," alinionya, "utarudi Sur kupangusa."

Alasiri moja tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukaonyesha filamu ya Kifaransa ya vita. Ukoo mmoja: babu, baba, mjukuu, kila mmoja na vita vyake, kila mmoja na rili yake. Mimi nilifasiri kwa kipaza sauti. Kwa kuringia kipaza sauti, sikusoma namba, nikafunga ya tatu kwanza. Mjukuu akapigana, akafa, ikatoka alama ya mwisho, na rili mbili zimo mkebeni!

Mkaguzi akasimama. "Funga mizigo yako, bwana."

Upande wa wanawake Bi Zuwena, bibi wa jirani yangu, akapaza sauti: "Hebu, mwanangu! Wewe ukiulizwa jina, waanza na babu yako?"

"La, Bibi."

"Waanza na lako, bin baba yako, bin babu yako. Basi na hao wamejitaja. Tupe baba yake!"

Ukumbi ukacheka. Mkaguzi akakaa. "Haya, tupe baba yake."

Nikafunga ya pili, kisha ya kwanza, namba nikizisoma kwa sauti. Mwishoni babu, bado kijana, alikuwa akichonga kitanda cha mtoto huku akiimba. Sisi tulikwisha jua nani watalala humo. Nikakiweka kipaza sauti chini, hapakuwa na aliyekihitaji.

Sikurudishwa Sur. Nilibaki Nizwa hadi kustaafu, na siku ya kuniaga Mkaguzi alinipa kitambaa kipya cha lenzi. Leo napangusia miwani. Wajukuu wakinitaka niwasimulie maisha yangu, nawaambia wakae karibu, kisha naanza na wao.