Umefungua?

Valeria Erasmo alizima pampu, akaandika saa, ndipo akakimbia. Mpangilio huo haumo katika taarifa yoyote, lakini yeye anaujua. Mpira wa kupitishia maji ya presha ulipochomoka kwenye kiungo chake ukapiga chuma, ukapiga changarawe, ukampiga mtu, kalamu ilikuwa tayari katikati ya vidole vyake, na vidole vikafanya kile vilichokizoea kwa miaka kumi na mmoja. Saa 12:28 jioni, mpira umechomoka. Akaweka nukta. Kisha akakimbia hatua arobaini hivi kwenda kichwani mwa kisima, akamkuta Abdulrahmani amelala ubavu karibu na valvu namba nne. Tende iliyoumwa nusu ilikuwa imedondoka mbele ya uso wake.

Wakati huo Valeria alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Newala, akaletwa Lindi akiwa mgongoni, baba yake alipoteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde kuja kuuza mbaazi. Alisomea ufundi wa mitambo, akajaribu kazi mbili tatu, mwishowe akaangukia kwenye kampuni ya huduma za visima na kubaki huko. Watu wakimuuliza anafanya kazi gani, alijibu "gesi", nao wakadhani anauza mitungi. Hakuwasahihisha.

Aliyewahi kuelezwa vizuri ni mama yake, Justa, siku moja walipokuwa wanapiga pasi. Valeria alichukua blauzi akaingiza mkono wake.

"Hili bomba la kisima, mama, ni kama mkono wangu. Limeteremka chini kilomita mbili na zaidi, na ubavuni lina matundu. Sasa huu mkono wa blauzi ndiyo slivu. Ni chuma kifupi kilichovaana na bomba, kinateleza. Kikiziba matundu, hakipiti kitu. Kikisogea, matundu ya chuma yanakutana na matundu ya bomba, gesi inaingia."

"Na anayekisogeza huko chini ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni presha. Tunasukuma maji kutoka juu kwa pampu. Yakifikia nguvu inayotakiwa, kipini kinakatika, slivu inateleza."

Justa aligeuza kitambaa. "Kwa hiyo wewe unapiga hodi kwa maji."

"Ndiyo."

"Na utajuaje kama umeitikiwa?"

"Geji ya presha inaonyesha."

Mama akasema haya, akaendelea na pasi yake.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisima kimoja kilichokaa nyuma ya mikorosho, upande wa kwenda kijiji cha Pande, kilikuwa kimeanza kutoa maji ya chumvi pamoja na gesi. Maji yalitoka kwenye tabaka la juu, na tabaka hilo lilikuwa na slivu yake. Ilitakiwa isukumwe kwa presha iteleze, izibe matundu, maji yakome. Pampu ilikuwa ya Valeria. Valvu za kichwani mwa kisima zilikuwa za Abdulrahmani. Kabla ya kusukuma chochote, valvu namba nne lazima iwe wazi, vinginevyo maji yangefika kwenye chuma kilichofungwa na presha ikose pa kwenda.

Abdulrahmani alikuwa mtu wa Tingi, miaka hamsini na nne, mwenye mikorosho yake na sauti ya kukwaruza. Yeye na Valeria waliitana watani. Kila Ramadhani, kwa miaka mitatu, Valeria alimtania kuwa njaa ya Waislamu inasikika mpaka kwenye redio ya kazini, naye alimjibu kuwa Mmakonde hawezi kujua njaa kwa sababu hajawahi kuacha kutafuna. Utaratibu wa kazi ulisema kila anayeuliza redioni ataje namba ya valvu, na anayejibu airudie namba hiyo. Mwaka wa kwanza waliufuata. Mwaka wa pili wakaufuata mabosi walipokuwa karibu. Mwaka wa tatu walitosheka na neno moja, kama watu waliokaa nyumba moja.

Ilikuwa Ramadhani, jua limezama muda huo huo. Valeria alibonyeza redio.

"Umefungua?"

"Nimefungua, alhamdulillah."

Akaandika daftarini: 12:26, A. amefungua. Akawasha pampu.

Geji ilipanda upesi mno. Baadaye alikumbuka kuwa aliona hivyo, na kwamba mkono wake ulianza kwenda kwenye swichi, na kwamba haukufika kwa wakati.

Abdulrahmani alikatwa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Valeria alielezwa akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, akasema sawa. Alirudi chumbani kwake Kilwa Masoko, akafua ovaroli, akala wali uliobaki, akalala mpaka asubuhi. Hakuota ndoto yoyote. Siku zilizofuata alisubiri kulia, kama mtu anayesubiri chafya, halafu akaacha kusubiri. Chai ilikuwa ya moto, hakuna zaidi. Watu wakimpa pole aliitikia asante, akaona kuwa sauti yake ni ya kawaida.

Msimamizi wao, Brighton, alimwita ofisini wiki ya tatu.

"Dada Vale, wanakuja kutoka Dar kuchunguza. Usiwe na wasiwasi. Daftari limeshasema."

"Limesema nini?"

"Mzee alisema amefungua wakati hajafungua. Mwandiko wako, saa yako, kila kitu. Wewe jibu utakachoulizwa, basi."

"Yeye atafanywa nini?"

Brighton alizungusha kalamu. "Aliyedanganya kuhusu valvu harudi kisimani. Hiyo unaijua. Na barua yake itaandikwa hivyo hivyo. Inauma, lakini ungekuwa wewe je? Wakikukuta na kosa, cheti cha pampu kinaondoka, na hapa hakuna mwingine atakayekupa cha pili."

Jumamosi Valeria alipanda bodaboda mpaka stendi, akachukua gari la Tingi. Sikukuu ilikuwa imepita wiki moja. Alibeba kilo mbili za sukari.

"Hodi hapa."

"Karibu, pita." Alikuwa Adija, mke wa Abdulrahmani, ameketi chini anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo, anakusikia huyo."

Abdulrahmani alikuwa kitandani kwenye baraza, mkono wa kushoto wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Mtani! Umekuja kupima nimepungua kiasi gani?"

"Nimekuja kukuona. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ona. Kilichobaki ni hiki, na bado ni kizuri kuliko Wamakonde wote wa Newala ukiwapanga mstari."

Adija akacheka puani. Valeria alijua hapo ni mahali pa kujibu. Alimkabidhi Adija sukari.

"Brighton alikuja na karatasi," Abdulrahmani akasema. "Anataka nikubali kuwa nilisema nimefungua. Nikamwambia kusema nilisema. Sasa anataka niseme kwa nini nilidanganya. Hapo hatuelewani. Mimi sijadanganya mtu."

"Ulisema umefungua."

"Si uliniuliza?" Akamgeukia mkewe. "Si nilikwambia hospitali, Adija? Huyu mtoto ana roho. Miaka yote ananicheka njaa, siku ile jua ndiyo limezama tu, namsikia redioni: umefungua? Ananiuliza kama nimepata kitu cha kutia mdomoni. Mkristo huyu. Brighton hajawahi, hata Waislamu wenzangu pale hawajawahi. Tende iko mdomoni nikamjibu. Nilitaka ninywe na maji, halafu nimfungulie namba nne yake akiitaka."

Adija aliendelea kusuka. Kuku alipita barazani, akatoka.

"Nilikuwa nauliza valvu," Valeria akasema.

Abdulrahmani alijiinua kidogo kitandani.

"Valvu."

"Namba nne."

"Hukusema namba."

"Sikusema."

"Aa." Alishika pini ya mkono wa shati, akaiachia. "Kwa hiyo hukukumbuka kama nimefunga."

Valeria angeweza kumwambia chochote hapo. Angeweza kusema alikumbuka vyote viwili, valvu na mfungo.

"Sikukumbuka."

"Haya," Abdulrahmani akasema, na sauti yake ilishuka kuliko ilivyokuwa alipozungumzia mkono. Akauliza kama barabara ya Masoko imechongwa. Valeria akasema imechongwa kidogo. Adija alileta chai na mihogo, wakala, na hakuna aliyetaja kazi tena. Kwenye gari la kurudi Valeria alijaribu kuona haya. Aliona madirisha, migongo ya viti, na njia.

Mchunguzi kutoka Dar alikuwa Bi Bertha, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya mwalimu. Alilifungua daftari la pampu mezani, Brighton ameketi pembeni.

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. 'A. amefungua.' Mwandiko wako?"

"Wangu."

"Alitamka hivyo? Nimefungua?"

"Alitamka."

"Kwa hiyo ulikuwa na haki ya kuwasha pampu." Bi Bertha aliandika. Brighton alilegeza mabega. "Una la kuongeza?"

Valeria aliangalia kidole cha Bi Bertha kilichokuwa juu ya herufi A. Cheti chake cha pampu kilikuwa kwenye faili chini ya daftari hilo hilo. Pembe yake ya bluu ilionekana.

"Sikumuuliza valvu," akasema.

"Ulimuuliza nini?"

"Nilisema, umefungua."

"Ndiyo hiyo, sasa."

"Hapana. Sikutaja namba. Jua lilikuwa limezama, na yeye alikuwa amefunga."

"Amefunga valvu?"

"Amefunga Ramadhani."

Bi Bertha alivua miwani. Brighton akakohoa. "Dada Vale, tusichanganye mambo ya dini hapa."

"Ngoja," Bi Bertha akasema. "Rudia, taratibu."

Valeria akarudia. Alisema utaratibu unataka namba itajwe na irudiwe, na kwamba wao walikuwa wameacha, yeye ndiye wa kwanza kuacha. Alisema yeye ndiye mwenye pampu, na mwenye pampu ndiye anayeuliza. Alisema Abdulrahmani alijibu swali alilolisikia, na jibu lake lilikuwa la kweli. Aliyasema yote kwa sauti ile ile anayosomea geji. Bi Bertha aliandika ukurasa mzima, kisha akamwomba asaini, naye akasaini, akaandika na saa.

"Unajua ulichojisainia?" Brighton alimuuliza nje.

"Najua."

"Angekubali tu yule mzee. Ana mikorosho."

Valeria alikuwa anatafuta ufunguo wa chumba chake kwenye pochi. Aliupata.

Cheti kilichukuliwa mwezi huo. Wakampa stoo, kazi ya kugawa glavu, buti na kofia. Jina la Abdulrahmani lilisafishwa. Barua yake iliandikwa kuwa aliumia kazini bila kosa lake, na aliposimama vizuri wakamrudisha, wakamweka getini. Utaratibu mpya ukabandikwa kila mahali, hata juu ya mlango wa stoo: redioni ni marufuku kutumia neno kufungua wala kufunga, valvu itatajwa kwa namba, na itasemwa iko wazi au imezibwa. Vijana wa zamu walilifurahia tangazo hilo kwa wiki nzima.

"Chakula namba mbili kiko wazi?"

"Namba mbili imezibwa, rudia, imezibwa. Mpishi hajafika."

Slivu yenyewe ilisukumwa na kikosi kingine kilichokuja na pampu yake chenyewe. Valeria alipata habari kutoka kwa mtu aliyekuja kubadilisha buti: imeteleza mara ya kwanza, maji yamekoma. Akamwuliza kipini kilikatika kwenye presha ya ngapi. Mtu yule hakujua. Valeria akaandika buti, jozi moja, saizi ya tisa.

Ramadhani iliyofuata, siku moja Valeria alichelewa kutoka stoo kwa sababu ya mzigo. Alipofika getini jua lilikuwa linamalizikia nyuma ya ghala. Abdulrahmani alikuwa kwenye kiti chake, chupa ya maji chini, kisahani cha tende juu ya goti. Tangu arudishwe kazini walikuwa wanasalimiana tu, shikamoo, marahaba, na yeye anamsogezea mlango mdogo. Safari hii hakusogeza. Adhana ilisikika kwa mbali, ikaisha. Alichukua tende kwa mkono wake mmoja, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Haya, uliza," akasema.

Valeria alisimama na pochi yake kifuani.

"Umefungua?"

"Unaulizia geti au unaniulizia mimi?"

"Wewe."

"Mimi nimefungua." Akasogeza kisahani. "Mmakonde, chukua moja. Wewe hujawahi kuacha kutafuna."

Alichukua. Ilikuwa tamu, na alitambua kuwa ni tamu. Abdulrahmani aliinuka, akausukuma mlango mdogo kwa bega la upande usio na mkono, na Valeria akapita, akaenda kutafuta bodaboda.