Jibini la Ijumaa Kuu

Kijijini kwetu Valea Rece, mtu akikataa nyama tunamuuliza anaumwa nini. Akiikataa wakati wa Kwaresima tunamsifu. Smaranda Pricop, mshonaji wa mavazi ya kwaya, aliirefusha Kwaresima yake hadi ikameza Krismasi na msimu wa mavuno, na sifa zikazidi. Akina mama waliwaonyesha binti zao mfano wa kuiga. Magauni yake aliyapunguza mwenyewe, kwa mshono safi sana.

Siku ya Ijumaa Kuu huwa tunapita kwa magoti, mmoja mmoja, chini ya meza yenye kitambaa kilichotariziwa picha ya Kristo kaburini. Mwaka jana Smaranda aliingia upande mmoja, upande wa pili hakutokea. Foleni nzima ikangoja ikidhani anasali. Bibi Aglaia alianza kulia kwa kuguswa. Ni Safta, wifi yake Smaranda, muuza mbegu asiye na subira na mambo ya roho, aliyeinama, akamshika kifundo cha mguu na kumvuta nje.

"Huyu hasali," alisema. "Amezimia. Nyinyi mngemngoja mpaka Pasaka."

Hospitali ya mjini ilikuta moyo umechoka vibaya.

"Mimi nafunga tu," Smaranda alimwambia daktari.

"Mfungo una siku ya kufungua. Wako unaisha lini?"

Daktari akamweleza kwamba huo ni ugonjwa, si utakatifu wala maringo, kwamba unanona kwa kufichwa, na kwamba watu hupona. Dawa ilikuwa kula kwa saa, hata jibini na mayai, ambavyo Kwaresima yetu hukataza, mtu akiwa naye mezani, na kila wiki kuzungumza na mshauri. Mtu wa mezani akawa Safta.

"Nimeshiba, wifi."

"Hujashiba, umeogopa. Ogopa huku unakula."

Majira ya baridi aliteleza, akarudi kujinyima. Aliyemchongea ni mbwa wake, ambaye alianza kunenepa. Safta akamhamishia mbwa kwa jirani, na mshauri akawaita mawifi wote wawili.

Kwaresima ilipofika, kijiji kilitarajia kurudishiwa mtakatifu wake. Padri Ilarie, mtu mwema, alikwenda kumpa ruhusa: mgonjwa halazimiki kufunga.

"Ila nyumbani, mwanangu, pazia likiwa limefungwa. Usiwakwaze watu."

"Baba, nyuma ya pazia ndiko nilikougulia."

Basi Ijumaa Kuu mchana, akina mama wakipita na maua ya kupambia kanisa, Smaranda aliketi kwenye benchi la uani mwa kanisa na kufungua kitambaa: mkate, jibini la kondoo, yai la kuchemsha. Safta aliketi kando yake akifuma soksi.

"Smaranda mwanangu," alisema Bibi Aglaia, "leo watu hata maji hawanywi."

"Najua, Bibi. Mwaka jana mimi sikunywa."

"Na Mungu je?"

"Alikuwepo nilipolala chini ya meza. Sikumsikia akinipongeza. Niliwasikia nyinyi."

"Basi angalau geukia ukutani."

"Sigeuki. Mlinitazama nikipungua mkafurahi. Sasa nitazameni nikila."

Akala. Si kwa raha. Kila tonge alilitafuna kama mtu anayebishana nalo, na machozi yakimtoka. Bibi Aglaia alisema ni aibu tupu, akabaki palepale kuitazama mpaka yai likaisha.

Kisha Smaranda alikung'uta sketi na kuingia kwenye foleni. Mbele na nyuma yake waliacha nafasi, kama vile jibini huambukiza. Alipopiga magoti, Safta alishazunguka upande wa pili na kuinama, mkono tayari.

Tukangoja, kama mwaka jana, ila safari hii hakuna aliyelia.

Alitokea, chembe ya jibini kidevuni.

"Ibada inaisha saa ngapi?" aliuliza. "Nina chakula cha jioni."