Kaseti ya Baba na Betri Mpya

Redio mpya ilikuwa na harufu yake: plastiki, mpira, na ule ukali wa betri zinapotolewa kwenye karatasi zake. Changanya na moshi wa kuni mbichi na majani ya karoti yaliyokatiwa mlangoni, hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu Mgeta mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi. Tarehe msiniulize. Shule niliishia darasa la tatu, wala sioni haya kulisema. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia mlango bidhaa za nje. Maduka ya mjini Morogoro ambayo jana yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayepiga miayo, sasa yalijaa sabuni, saa, mitumba na redio. Mjomba Alois, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani kwetu, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Aliuza kabichi za msimu mzima akapandisha mlimani redio kaseti yenye spika mbili, akaiweka juu ya meza na kuifunika kitambaa cha kufuma. Lakini mlango ule ule ulioingiza redio ndio uliomtoa baba yangu kazini. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo mjini. Nguo za nje zilipofurika, mashine zikazimwa, na watu wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri kuitwa. Hawakuitwa.

Baba hakujua kuandika, na kwa kiburi chake, ambacho nimekirithi chote, hakutaka mtu baki amwandikie mambo ya ndani. Basi Jumatatu moja Shabani, dereva wa lori la mboga, akashusha kaseti iliyofungwa kwenye gazeti. Akamwambia mjomba, "Shemeji yako kanipa. Kasema sauti yake imo humo. Alhamisi nikishuka anataka jibu." Mama alifuta mikono kwenye kanga mara tatu kabla ya kuipokea. Mjomba akasema neno la shemeji halisikilizwi kwa betri zilizochoka, akamtuma mtu dukani kununua sita mpya, za ghali. Ilikuwa heshima. Majirani wakaingia, mikeka ikatandikwa, mjomba akabonyeza. Ikatoka sauti ya kifaranga aliyebanwa na mlango, nyembamba, mbio mbio, neno juu ya neno. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, na hilo sijajisamehe. Jirani mmoja akasema, "Mama Tekla, mumeo kaoa kuku huko mjini!" Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye spika kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

Jumanne na Jumatano hatukulima. Tuliikaza kaseti kwa penseli, tukaigeuza upande wa pili, tukautazama utepe wote juani kama umekunjika. Mjomba alisafisha kile kichuma kinachogusa utepe kwa pamba na spiriti aliyoomba zahanati. Akaweka kaseti ya kwaya ya parokia. Ikaimba vizuri, besi kwa sauti ya kwanza. Akarudisha ya baba, kifaranga. Basi redio nzima, kaseti mbovu, ndivyo tulivyoamua. Katekista alipopita akasikiliza, akajikuna kidevu, akasema huenda shemeji alikuwa amelewa, au kuna kitu kimemwingia. Mama aliomba irudiwe, ikarudiwa, labda mara hamsini. Neno moja tu alilipata, jina langu, "Tekla", likipita kama nzi. Kila likipita alinishika mkono. Naukumbuka mkono ule ulivyokuwa na jasho katika baridi ile ya Mgeta.

Usiku wa Jumatano mama alimwambia kaka yake, "Kaka, tumwambie Shabani haisikiki. Arekodi tena." Kuuliza si ujinga, na mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Mjomba akaruka: "Mjini wakacheke? Waseme watu wa milimani wamenunua redio wasiyoijua? Hapana, Sesilia. Itasema tu." Alhamisi lori likanguruma barabarani, vikapu vya njegere vikapakiwa, na Shabani akatoa kichwa dirishani: "Haya mzee, jibu la shemeji liko wapi?" Nilikuwa nimesimama pale pale, miguu ndani ya tope. Mjomba akajikohoza, akasema, "Mwambie tumesikia." Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama alifungua mdomo, akawatazama watu waliojaa pale, akaufunga. Lori likashuka.

Jumamosi alasiri betri zikaanza kufa kwa kazi tuliyozipa. Taa nyekundu ya redio ikafifia na pesa ya nyingine haikuwapo. Mama akaomba mara ya mwisho. Kaseti ikazunguka kwa uvivu, na yule kifaranga akaanza kunenepa. Sauti ikashuka, ikatua, ikawa ya mtu, ikawa ya baba, na kikohozi chake kile kile. Alisema: "Mama Tekla, kazi imekwisha. Ijumaa alfajiri naondoka kwenda machimboni Mererani. Sitaki kwenda peke yangu. Njoo na mtoto kwa lori la Alhamisi, twende wote. Ukisikia haya na usipokuja, nitajua umenikataa, wala sitakusumbua tena." Kisha betri zikafa kabisa. Mjomba alichukua kile kitambaa cha kufuma akaifunika redio.

Jumapili hatukwenda kusali. Tulishuka kwa miguu tangu alfajiri, mama mbele, hata hakugeuka kuona kama namfuata, mpaka tulipopata gari la kutufikisha mjini. Chumba alichopanga baba mtaa wa Mafiga kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa Kingoni, alishika kiuno. "Jamani, ndiyo mnakuja leo? Alikaa hapo barazani na begi tangu Alhamisi mchana. Dereva alipopita akamwambia mmesikia. Akanigeukia, 'Basi mama, wamesikia.' Ijumaa akaondoka." Ndiye aliyetueleza pia kwamba redio aliyorekodia baba ilikuwa ya huyo mama mwenyewe, na betri zilikuwa zimekufa wakazianika juu ya bati kutwa nzima. Motokaa isiyo na nguvu hupanda mlima polepole. Redio nayo vivyo hivyo. Ilizungusha utepe polepole wakati wa kurekodi, na yetu yenye nguvu mpya ikaukimbiza. Heshima yetu ndiyo iliyomharibia sauti. Baba hatukumwona tena, wala hatukupata habari zake. Mama alikaa bila mume mpaka akafa, na kumsalimu mjomba, alimsalimu tu kwa kuwa dini inataka.

Leo nina malori mawili ya mboga na nyumba ya matofali njia ya Mazimbu, na sikuviokota. Wajukuu hunitumia sauti kwa simu, inafika kabla sijameza tonge. Za kwangu huzikimbiza makusudi, eti bibi anaongea taratibu mno. Wana vyombo ambavyo baba hakuviota, lakini naona aibu yao ni ile ile: mtu haelewi, anajibu sawa, anaendelea. Mimi hapana. Hata mbele ya wanunuzi wakubwa wa Dar, nikiletewa sauti isiyoeleweka napiga papo hapo, nasema sijasikia, rudia. Wakicheka, nawangoja wamalize kucheka, kisha nawaambia tena: rudia.