Aliyeharibu Wastani

Fundi huyu wa kupaka rangi watu walimwita Jicho, kwa sababu alichanganya rangi bila kipimo na ndoo ya leo ikafanana na ya jana kama mapacha. Sasa husimama mbele ya ndoo mbili, brashi mkononi, asikumbuke aanze na ipi. Na anayelaumiwa ni yeye! Jukwaa alilopandia kazini lilivunjika akaanguka nalo, kofia ngumu kichwani, akazirai kidogo, akazinduka. Hospitali wakampiga picha ya kichwa, wakasema safi, akarudi nyumbani siku ileile kwa miguu yake. Picha hiyohiyo ndiyo aliyoishikilia mkandarasi alipomfukuza kazi. "Kichwa hakina kitu," alisema. "Huyu ni uvivu tu."

Mkandarasi ni mtu baki, unaweza kumtukana moyoni ukalala. Aliyemkera mkewe Jicho hasa ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, aliyewapa chumba cha uani kodi ilipowashinda, kisha akawalisha masimango kila siku ya Mungu. "Mdogo wangu kazi imemshinda, anasingizia kichwa," huwaambia wageni, Jicho yupo palepale anasikia. Zamani Jicho angemjibu neno kwa neno. Siku hizi huinama akitafuta jibu, na likija, wageni wameshaondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku moja akamuuliza mkewe, "Au kaka anasema kweli? Labda ni uvivu."

Mke alikuwa anashona pazia. Aliliacha chini ya sindano. Kufukuzwa kazi alikuwa amevumilia, na chumba cha uani pia, lakini mumewe kuanza kujiona mwongo, hilo hapana.

Alikuwa amesikia kwamba hospitali kuu kuna wataalamu wanaochunguza ubongo ulioumia kwa kutumia mashine ya MRI, kwa namna mpya. Akampeleka. Nesi wa mapokezi akauliza, "Amewahi kulazwa kwa sababu ya kichwa?" Hajawahi. "Picha ya zamani ilisemaje?" Safi. "Basi anafaa," nesi akasema, na mke akashukuru mpaka akakaribia kupiga magoti. Anafaa kwa lipi, hakuuliza. Jicho akaingizwa kwenye mashine, ikamgongea masikioni, akatoka, wakaambiwa waende nyumbani.

Kimya. Wiki zikapita, kimya. Mke akachoka kungoja majibu, akamshika mumewe mkono wakarudi. Shemeji naye akajitia kuwasindikiza, kumbe anataka kuwaona wakiumbuka. Akakaa kwenye benchi la nje, miguu ameikunja nne.

Ndani walimkuta binti mtafiti, mpole, mbele ya kompyuta. Akatafuta, kisha akasema bila ubaya wowote, "Ah, huyu tulimtoa. Alikuwa kundi la wenye afya, wale tunaowalinganisha na wagonjwa. Alikuwa anatuharibia wastani."

"Anawaharibia vipi?"

"Picha ya kawaida, mama, huonyesha damu na uvimbe. Hii yetu hufuata maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Nyuzi zikiwa nzima, maji hufuata uzi. Zikichanika, yanatawanyika ovyo. Ya baba huyu, upande wa mbele, yametawanyika sana."

"Mmejua lini?"

"Muda kidogo. Lakini huu ni utafiti, si matibabu. Picha hii peke yake haitoshi..."

"Weee!" Sauti ya mke ilifika mpaka korido. "Mmeona mtu ameumia, mkaona mwenye hasara ni nyinyi! Hesabu ndiyo iliyowauma! Mkamfuta kama doa, mkaendelea na chai! Huyu mtu anaitwa mvivu kwao, anaitwa mwongo, na nyinyi mmekalia ukweli wake kimya! Sitoki hapa. Leteni mkubwa wenu, au leteni askari, mnavyopenda."

Hawakuleta askari. Alikuja daktari mkuu wa utafiti, mama mtu mzima. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia binti kwa jicho ambalo binti hatapenda kulikumbuka. Akamhoji Jicho kuhusu lile anguko, akamtajia maneno ayarudie, akampangisha vitu kwa mfuatano, akarudi kuitazama picha. Hakuharakisha.

"Samahani, tumekukosea," akamwambia Jicho mwenyewe, si mkewe. "Uliumia. Anguko lile lilichana nyuzi ndani ya ubongo, na picha ya kwanza haikuwa na uwezo wa kuziona. Kusahau kwako ni jeraha. Si uvivu, na hujadanganya."

Mke alifungua kinywa aongeze lake. Jicho akamzuia kwa mkono. Akatafuta neno, na safari hii wote wakamsubiri.

"Daktari," akasema, "kaka yangu yuko pale nje. Naomba nimwite uyaseme tena, hivyohivyo. Maana mimi nikifika nyumbani nitakuwa nimeshasahau."