Siku Mama Aliponililia

Mjukuu wangu Neema akizima moto wa kuni kwa maji, mimi hutoka nje. Anadhani moshi unaniumiza macho. Si moshi. Ni ile harufu ya majivu yaliyolowa. Nikiivuta tu, najikuta nimelala chali juu ya ngozi ya ng'ombe kule Msalato, midomo imepakwa majivu, nimeambiwa nisipumue.

Nilikuwa mtoto wa sinema, wanangu. Msicheke. Kabla ya ndoa, kabla ya kuhamia Mlali, mimi Sechelela binti Mchiwa nilikufa mbele ya kamera.

Walikuja kiangazi, mwaka uliofuata ile njaa. Mkubwa wao alikuwa Bwana Gervas, mtu wa mbali, kofia haimtoki kichwani. Mpiga picha alikuwa Kassim, mtu wa Dodoma mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Walitaka sinema ya kufundisha watu kuweka akiba ya mtama: mtoto anakufa kwa njaa, mama analia, kijiji kinajifunza. Wakapita tembe kwa tembe wakitafuta mtoto mwembamba, na wembamba hatukuwa tumepungukiwa. Nikachaguliwa mimi, maana surua ilikuwa imenimaliza na shingo yangu ilikuwa kama mpini wa mwiko.

Kazi ilikuwa kwa mama. Mama yangu, Nyemo, alikataa katakata. Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Ni kukionyesha kifo njia ya kwake. Bwana Gervas akasema ni mchezo tu. Mama akamuuliza kama kwao watu huchezea kaburi. Mwishowe bibi Mbeleje, mama yake baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimvuta mama nyuma ya zizi. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nyemo, nenda ukalie. Mtoto amepona. Sasa nani atakuzuia?"

Nikaona bibi ameanza kuzeeka vibaya. Tangu lini mtu akazuiwa kulia?

Basi, nikalazwa. Mama akaketi, akaniwekea mkono kifuani. Alianza polepole, kama mtu anayekohoa, kisha ikatoka. Mama alikuwa mwimbaji wa kanisani, na sauti yake nyembamba tuliijua kijiji kizima, lakini nilikuwa sijaisikia ikipanda hivyo. Na hakuniita Sechelela. Alimwita Lameki, mdogo wangu aliyekufa mwaka wa njaa.

"Lameki, baba, ulinisubiri nami sikuja."

Nilikasirika, nawaambia kweli. Nimekufa mimi, analiliwa Lameki! Nikafumbua jicho moja nimkumbushe. Mama hakuniona. Majirani zetu, Dorika na Mama Yeremia, ambao waliambiwa wasimame tu watazame, walikuwa wamejitupa chini wanalia kweli.

Kassim akaishusha kamera. Bwana Gervas akasema imekuwa nzuri sana, ila kuna mtu kapita na ng'ombe nyuma, mama arudie.

"Mzee, huyu mama haigizi," Kassim akamwambia.

"Ndiyo maana nataka arudie."

Akarudia. Katikati ya kilio cha pili sauti ikapasuka, na haikurudi tena. Toka siku ile mama alizungumza kama gunia linaloburutwa, na kanisani alikaa nyuma.

Mimi waliniita tena kiangazi kilichofuata, nikaigiza mwanafunzi anayenawa mikono. Waliporudi mara nyingine Bwana Gervas alinitazama, akasema nimeshakua, akamchukua Tabu wa kwa Chibago. Usinema wangu ukaishia hapo. Nikabaki na jina tu. Shuleni waliniita Marehemu. "Marehemu, leo zamu yako kuteka maji." Darasa la nne nikaacha.

Mama alifariki nikiwa nimeolewa Mlali, na ni kwenye msiba wake ndipo shangazi Malita aliponieleza. Lameki alipofia hospitali mjini, mimi nilikuwa ndani na surua. Nyumba yenye mgonjwa haipigwi kilio, maana kifo kikisikia kilio hurudi kumchukua aliyebaki. Wazee wakamkataza mama. Mtoto akazikwa yeye hajafika, naye akakimeza kilio chake. Nilipopona, msiba ulikuwa umeshapoa, na msiba uliopoa ukiufufua unaita mwingine. Mama hakuwa na pa kulilia, isipokuwa mbele ya kamera ya Bwana Gervas.

Zikaja zile enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa: mitumba, sabuni za kila rangi, na mabanda ya video. Athumani, mwenye banda pale Mlali, siku moja alinikuta dukani, akaniita kwa jina la mwanangu. "Mama Elia, nimepata mkanda wa zamani, una tembe za kwenu Msalato. Njoo utazame." Nikaenda. Sura yangu sikuitamani. Nilitaka kuisikia sauti ya mama kabla haijapasuka, mara moja tu, nife nayo.

Nikakaa kwenye benchi kati ya vijana waliokuwa wakingoja picha ya ngumi. Ilipofika zamu ya ngozi ya ng'ombe nikafumba macho nisikilize.

Nikasikia ngoma. Ngoma, na mwanamume anayesoma habari za akiba ya mtama.

Nikafumbua. Mama alikuwa amefungua kinywa, mishipa ya shingo imesimama, na ngoma zinalia juu yake.

"Huyo mama anaimba nini?" kijana mmoja akauliza.

"Peleka mbele, Athumani, weka ya ngumi," mwingine akasema.

"Analia," nikawaambia. "Anamlilia mwanawe."

"Huyo aliyelala?"

Nikaitazama midomo ya mama. Ilikuwa inamwita Lameki, na banda zima hakuna aliyesikia. Nikasema, "Hapana, huyo alipona." Wakacheka, wakadhani bibi hajaelewa picha. Athumani akapeleka mbele.

Ndiyo maana Neema akimwaga maji kwenye moto mimi hutoka. Nakaa juu ya kinu kilichopasuka, namwita Lameki kwa sauti, mara nyingi kadiri ninavyotaka. Nyumbani kwangu hakuna mgonjwa.